Mpira ukipotea, usiutoe mfukoni

Jioni maji yakitoka, vijana wa Vanga hupata uwanja usio na nyasi wala karani wa kudai ada ya kuingilia. Ni mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Upande mmoja yamelala madau yakingoja maji ya usiku, na upande wa pili imesimama mikoko, mizizi yake imetokeza juu kama vidole. Nilipofika wiki chache zilizopita, walikuwa wakicheza kandanda, tano kwa tano, magoli yao ni ndara nne.

Nilikuwa nimeketi kwenye gogo pamoja na mjomba wangu tukinywa kahawa chungu. Mara kijana mmoja akapiga teke la nguvu, mpira ukapaa, ukaingia mikokoni. Mchezo ukasimama. Hakuna aliyebishana. Yule aliyepiga akakunja suruali, akaingia matopeni peke yake huku wenzake wakimwelekeza kwa vidole. Muda ulipopita bila ya kuuona, wawili wakamfuata kumsaidia, na wengine wakaanza kuyatazama maji yaliyokwisha kugeuka.

"Mpigaji ndiye mwendaji," mjomba akaniambia. "Hiyo ndiyo sheria yao, na haikuandikwa popote. Haya, nieleze, mpwangu. Tangu ulipofika una jambo moyoni."

Nikatia mkono mkobani, nikatoa kijipira kidogo cheupe cha gofu chenye nukta tatu za kalamu nyekundu, nikakiweka juu ya gogo kati ya vikombe vyetu.

Msomaji, kisa cha kijipira hicho ndicho kilichonipeleka Vanga. Ikiwa wewe hucheza gofu siku za mapumziko na marafiki, au unafikiria kuanza, huenda ukajiona ndani yake.

SAFARI YA VANGA

Kwanza nikueleze ninakokuambia. Vanga ni mji wa mwisho wa pwani ya Kenya. Ukivuka feri ya Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga, unaipita Ukunda, njia panda ya kwenda Diani na hoteli zake, kisha Msambweni, kisha mashamba ya miwa ya Ramisi. Ukifika Lunga Lunga, badala ya kuendelea moja kwa moja hadi forodhani na kuingia Tanzania, unakata kushoto kuelekea baharini. Kutoka hapo minazi inaongezeka na magari yanapungua, mpaka unaanza kunusa samaki na tope la mikoko. Hapo umefika.

Huu ni mji wa Wavumba, Wadigo na Wasegeju. Karibu yake palikuwa na Vumba Kuu, mji wa kale ambao watawala wake waliitwa Madiwani. Ng'ambo kidogo ya mpaka ni Jasini, ambapo majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Januari 1915. Siku hizi Vanga inajulikana zaidi kwa mikoko. Tangu 2019 wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wao wa kuitunza misitu hiyo na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo, kwa mfano wa wenzao wa Gazi waliotangulia mwaka 2013. Mtoto wa Vanga hukatazwa kuvunja mkoko hata kama anatafuta mpira. Niliwaona kwa macho yangu wakiinama na kupenya, hawakukata hata tawi.

Gofu haipo Vanga. Uwanja wa mashimo 18 ulio karibu uko Diani, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Lakini mjomba wangu, kabla ya kurudi nyumbani kulea minazi yake, alifanya kazi ya ukedi Mombasa miaka ya themanini na tisini. Alibeba mifuko ya wakubwa na wadogo katika uwanja wa Mombasa Golf Club, ule wa mashimo tisa ulioanzishwa 1911 juu ya majabali ya bahari. Nikasema kama kuna mtu wa kunihukumu, basi ni yeye.

NILICHOKIFANYA

Ilikuwa Jumamosi, katika uwanja mmoja ambao sitautaja kwa sababu kosa halikuwa la uwanja. Tulikuwa wanne, wafanyakazi wa ofisi moja, na tumewekeana sharti kwamba mwenye mapigo machache zaidi atanunuliwa chakula cha mchana na anayemfuata. Uwanja ulijaa. Nyuma yetu kulikuwa na kundi jingine la wanne, na nyuma ya hao kundi jingine, kama abiria wa feri saa ya kutoka kazini.

Kwenye shimo la 16 nilipiga mpira wangu wa kwanza ukakata kulia, ukaingia vichakani. Tukaenda kuutafuta sote pamoja na makedi wetu. Tukapekua majani, tukainua matawi. Wale wa nyuma wakawa wamesimama, mikono kiunoni. Nafikiri dakika nne zilipita. Jua kali, aibu kali zaidi. Mwenzangu niliyekuwa nikishindana naye alikuwa amenipa mgongo.

Nikatia mkono mfukoni, nikauachia mpira mwingine uteleze kando ya mguu wa suruali hadi chini, kisha nikapaza sauti, "Huu hapa!"

Nikaupiga. Pigo zuri kupita yote niliyopiga siku ile.

Tulipomaliza nilikuwa na mapigo 98, mwenzangu 99. Akaninunulia wali na kuku wa kupaka. Nikamlipa kedi ujira wake na bahashishi juu. Kijana yule, ambaye umri wake haukuzidi miaka 20, akapokea, akashukuru, akanikabidhi mfuko wa fimbo zangu. Kisha akanifungulia kiganja. Ndani yake mlikuwa na mpira wangu wa nukta tatu.

"Mpira wako, mkubwa," akasema. "Niliuona chini ya kichaka."

Hakuongeza neno. Nilikuwa nimeshamaliza kula.

SHERIA INASEMAJE?

Mjomba alisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mlitafuta kwa muda gani?"

Nikamwambia dakika nne hivi.

"Basi ulikuwa na haki ya moja zaidi. Sheria ni tano."

Hapo mimi ndiye niliyemfundisha mzee. Sheria ilikuwa dakika tano enzi zake. Tangu tarehe 1 Januari 2019, wakuu wa sheria za gofu duniani, yaani R&A ya St Andrews huko Uskoti na USGA ya Marekani, walipunguza muda huo hadi dakika tatu. Saa huanza kuhesabiwa pale mchezaji mwenyewe au kedi wake anapoanza kutafuta, si pale mpira ulipoanguka. Zikipita tatu, mpira umepotea kisheria hata ukiuona sekunde kumi baadaye ukikukodolea macho. Kwa hiyo mpira alioupata kedi wangu ulikuwa tayari ni mpira uliopotea.

Na ukishapotea? Unarudi pale ulipopigia mwisho, unajiongezea pigo moja la adhabu, unapiga tena. Kama ulipotea kwa pigo la kwanza, basi pigo lako linalofuata kutoka mahali pale pale pa kuanzia ni la tatu. Umepoteza pigo na umepoteza umbali.

Watu hulalamika kwamba adhabu hii ni kali mno. Lakini si ya jana wala juzi. Mwaka 1744 waungwana wa Edinburgh waliokuwa wakicheza katika viwanja vya Leith waliandika sheria 13, ambazo ndizo za zamani zaidi zinazojulikana za mchezo huu. Mojawapo iliamuru hivyo hivyo, kwamba aliyepoteza mpira arudi alipopigia, aangushe mwingine, na mpinzani wake ahesabiwe faida ya pigo moja kwa msiba huo. Zaidi ya miaka 280 imepita na sheria iko palepale.

Sasa piga hesabu yangu. Ule mpira nilioutoa mfukoni niliupiga kama pigo la pili. Kwa haki ningerudi nyuma, nikapiga la tatu, na kama lingefika pale pale, pigo zuri lile lingekuwa la nne. Mapigo yangu hayakuwa 98. Yalikuwa 100. Yule mwenzangu wa 99 ndiye aliyestahili kula kwa gharama yangu.

UWANJA UKIFURIKA WATU

"Lakini mjomba," nikajitetea, "watu walikuwa wakingoja. Ningerudije nyuma mita mia mbili na kundi zima limesimama pale?"

Ndugu msomaji, hili ndilo tatizo hasa la sisi wachezaji wa Jumamosi, na si uongo. Tuseme watu wanne, kila mmoja apoteze mipira miwili, na kila mpira utafutwe dakika tatu kamili. Hizo ni dakika 24. Kila mmoja akirudi nyuma kwa miguu na kuja tena, tuseme dakika sita kwa kila mpira, unaongeza dakika 48. Jumla inapita saa moja, na saa hiyo inabebwa na kila kundi lililo nyuma yenu hadi jua kuchwa.

Lakini sheria yenyewe imetoa njia mbili za kuepuka balaa hilo, nami sikuitumia hata moja.

Njia ya kwanza ni mpira wa akiba. Ukiona pigo lako limeelekea vichakani, usiondoke. Waambie wenzako waziwazi kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha upige kutoka hapo hapo. Ukiupata ule wa kwanza ndani ya dakika tatu, unaokota wa akiba na unaendelea bila ya adhabu. Usipoupata, unaendelea na wa akiba pamoja na pigo lako la adhabu, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Angalia jambo moja tu, nalo ni kutangaza. Ukipiga mpira wa pili kimyakimya, sheria inahesabu kwamba umeukana wa kwanza, hata ukiukuta katikati ya nyasi fupi.

Njia ya pili ilikuja nayo mwaka 2019. Klabu inaweza kuweka kanuni yake ya uwanja inayomruhusu mchezaji asirudi. Unakadiria mahali mpira ulipopotelea, unatafuta ukingo wa njia ya nyasi fupi ulio karibu napo bila ya kulisogelea shimo, unaangusha mpira katika eneo la baina ya sehemu hizo mbili, na unajiongezea mapigo mawili. Mpira ukiwa umepotea kwa pigo la kwanza, linalofuata ni la nne. Linganisha na hesabu yangu hapo juu utaona kwamba ni sawasawa, maana yale mapigo mawili yanasimama badala ya adhabu na ya safari ya kurudi. Kanuni hii haikukusudiwa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Imetengenezwa kwa ajili yangu na wewe. Lakini haitumiki iwapo ulikwisha kupiga mpira wa akiba. Basi kabla ya kuanza, uliza ofisini kama klabu imeipitisha. Kama haikuipitisha na ni mchezo wa kirafiki tu, pataneni nyinyi wenyewe kwenye shimo la kwanza, wala msingoje hadi la 16 wakati mtu ameshaloa jasho.

Na ukiona utafutaji utachelewesha, wapungie mkono wa nyuma wapite. Huo ni uungwana wa siku zote, na sheria za leo zinauhimiza.

KEDI HUONA MENGI

Mjomba alicheka nilipomwambia kwamba siku hizi mchezaji au kedi akiugusa mpira kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hakuna adhabu, unarudishwa tu mahali pake.

"Enzi zetu," akasema, "kedi akiusukuma mpira wa bwana wake kwa mguu, bwana anatiwa pigo. Tulikuwa tukitafuta huku tunaburura nyayo polepole, kama mtu apitaye majini penye taa." Taa, kwa ndugu zetu wa bara, ni yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani anayejizika mchangani.

Akanieleza kuhusu mashimo ya kando ya bahari, ambapo mpira uliopita kiasi huenda majabalini na kumezwa na mawimbi. Hapo hakuna kutafuta. Mpira ukijulikana kwamba umeingia majini katika eneo la adhabu lililowekewa alama, haumo katika hesabu ya mipira iliyopotea. Unatozwa pigo moja na unaangusha mwingine karibu na pale ulipoingilia. Nikafikiri kwamba vijana wa Vanga wangekuwa na uwanja wa gofu, mikoko yote ingepigwa vigingi vyekundu.

Nikamuuliza kuhusu wanyama, kwa kuwa Diani ni nchi ya tumbili na nyani, na ya mbega wale ambao tangu 1997 wana shirika lao la kuwalinda na madaraja ya kamba juu ya barabara. Tumbili akichukua mpira, je? Hapo sheria inamhurumia mchezaji. Mradi mna hakika, au karibu na hakika, kwamba mnyama ndiye aliyeuchukua, unaweka mwingine pale ulipokuwa, bila ya adhabu. Ndivyo ilivyo pia mtu wa kundi jingine akiuokota kwa kudhani ni wake, jambo la kawaida viwanja vikijaa na njia zikipakana. Lakini huwezi kumsingizia tumbili ambaye hakuna aliyemwona. "Tumbili wengi wamezuliwa," mjomba akasema. "Nimewasikia wakishitakiwa mahali ambapo hata mti haupo."

Ndiyo sababu nakusihi uutie mpira wako alama. Mipira ya chapa moja na nambari moja ni mingi kama kauri pwani. Ukikuta miwili inayofanana na hujui wako ni upi, wote wawili si wako, umepotea. Na ukipiga wa mwingine, ni mapigo mawili ya adhabu.

Nikauliza lile lililokuwa likinisumbua. "Kwa nini kijana yule hakusema palepale?"

Mzee akakigeuza kijipira mkononi, akazitazama nukta zangu tatu.

"Angesema nini? Wewe umekwisha sema 'huu hapa'. Akisema 'ule pale', amekuita mwongo mbele ya wenzako, na kesho nani atamchukua? Akinyamaza, amekuwa mwongo pamoja nawe. Kedi hulipwa abebe mfuko, mpwangu. Wewe ulimpa abebe na lingine lisilokuwa mfukoni. Mimi nimebebeshwa mengi ya namna hiyo. Wenyewe wamesahau. Mimi majina yao ninayo."

"Ulifanya nini?"

"Nilikuwa na watoto wa kulisha. Nilinyamaza." Akamimina kahawa nyingine. "Huyo wako amekushinda, na amenishinda hata mimi. Amekurudishia."

MAJI YALIPOINGIA

Vijana hawakuupata mpira wao jioni ile. Maji yalikuja, yakafika kwenye ndara za goli, wakaziokota. Yule mpigaji alitoka mikokoni akiwa na tope hadi mapajani, akawaambia wenzake, "Sikuuona." Mkubwa wao akamuuliza mara moja tu kama alifika kule nyuma kwenye mkondo, akajibu kwamba amefika. Basi, wakaondoka pamoja wakizungumza habari za kuchangishana kununua mwingine.

Niliporudi mjini nilimwendea mwenzangu wa ofisini nikamweleza yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba alijua. Alikuwa amenipa mgongo kwa makusudi, asinione. Nilimlipa chakula chake cha mchana, naye akakila.

Jumamosi iliyofuata nilirudi uwanjani mapema, nikamtafuta kijana yule miongoni mwa makedi waliokuwa wakingoja kivulini. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ndefu. Nilipoanza tu, akaninyang'anya mfuko wa fimbo kwa adabu. "Twende, mkubwa, wenzako wameshafika."

Kwenye shimo la saba mpira wangu ulikata kulia kama kawaida yake. Nikatangaza, nikapiga wa akiba. Tulipofika vichakani akavua saa yake ya mkononi, akanipa niishike, akainama kutafuta. Zilipotimia tatu nikasema, "Umepotea." Akainua kichwa, akajipangusa majani magotini.

"Wa akiba uko pazuri," akasema, akatangulia kunionyesha.

Nilimaliza na mapigo 107. Nilinunua chakula cha watu wanne.